Waliorudi Kunyolewa

Jumamosi asubuhi, jua likiwa bado halijafika kwenye ukuta wa jikoni, Mama Povu alikuwa ameketi kwenye kigoda uani, akisugua brashi kuukuu ya kunyolea ndani ya bakuli la siki. Siki ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Sabuni iliyoganda miaka na miaka kwenye mashina ya nywele ilikuwa inaachia kidogokidogo, kama ukoko unavyoachia sufuria, naye hakuilazimisha. Brashi ukiilazimisha hunyonyoka, na brashi iliyonyonyoka ni kijiti tu.

Jina la Mama Povu alipewa na majirani. Mwanzoni lilimkera, baadaye akaliacha, maana jina la utani ukilikuna ndiyo linavimba. Kabla ya kustaafu alikuwa akiunganisha simu za watu, akashinda maisha yake yote na maneno ya wengine masikioni. Alipopumzika alitaka kazi isiyosema. Akaanza na brashi ya baba yake, akaiziba ufa kwa gundi, akaipiga msasa, akaing'arisha kwa nta. Ikapendeza. Tangu hapo akawa ananunua nyingine kwa muuza vyuma chakavu, kama wengine wanavyofuga njiwa, akizipanga dirishani nywele zikiwa juu. Wenye brashi hizo hawakurudi. Walikuwa wamekufa kifo chao, kwa uzee, na hawakuwa na la kuuliza.

Hii ya Jumamosi ilikuwa tofauti. Muuza chakavu alikuwa amemletea gunia zima kutoka kiwanda cha vigae, ambako chumba cha wafanyakazi cha kubadilishia nguo kilikuwa kinabomolewa ili magari ya wakubwa yapate kivuli. Mipini yote ilikuwa ya mbao nyeusi, na kila mmoja ulikuwa na alama iliyochongwa kwa ncha ya msumari: samaki, ufunguo, nyota, jani. Mama Povu alilinunua gunia bila kubishana bei. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda hicho mpaka kifua kikamshinda. Daktari wa kampuni aliandika kwamba kilichomuua ni tumbaku. Mumewe hakuwahi kushika sigara. Hata moshi wa jikoni ulimkimbiza. Mama Povu alikwenda ofisini kusema hivyo, akakalishwa kwenye kiti kizuri, akaambiwa kwa upole kwamba msiba huchanganya watu akili.

Brashi ya samaki ilikauka kufikia alasiri. Alikuwa anaifuta nta ya mwisho mtu alipopiga hodi.

Alikuwa fundi wa mitambo, aliyewahi kukaa nyumba ya tatu kutoka pale, na ambaye Mama Povu mwenyewe aliwapikia wafiwa wake. Alivaa suti aliyozikwa nayo. Ndevu zake zilikuwa zimefika kitovuni.

"Shemeji, habari za siku nyingi," alisema. "Nimesikia brashi yangu imepona."

"Imepona. Karibu ukae."

Alichemsha maji, akatafuta wembe na sabuni, akamfunga taulo shingoni. Ndevu zilikatwa kwanza kwa mkasi, kisha povu, kisha wembe. Alipousuuza wembe, maji kwenye beseni yaliingia weupe usiokuwa wa sabuni. Ulizama chini na kukaa pale, kama unga.

"Barakoa zimefika?" fundi aliuliza, akiwa amefumba macho.

"Barakoa gani?"

Fundi akamweleza, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Walipoajiriwa waliambiwa vumbi la vigae halina urafiki na mapafu, hivyo kila mtu atapewa barakoa. Lakini barakoa haikai vizuri kwenye ndevu; hewa chafu hupita pembeni. Kwa hiyo kampuni ikatoa amri: hakuna kuingia na ndevu. Ikanunua brashi, ikanunua sabuni, ikaweka vioo. Msimamizi alisimama mlangoni kila asubuhi akipapasa videvu kwa mgongo wa mkono, na aliyekwaruza alirudishwa nyumbani.

"Na barakoa?"

"Zilikuwa njiani," fundi alisema. "Tukawa tunanyoa, tunazingoja. Wahenga wanasema mwenzako akinyolewa, zako tia maji. Sisi tulitia na sabuni kabisa."

Alicheka kidogo, na vumbi likamtoka puani. Mama Povu hakucheka. Alimfuta vumbi hilo kwa pembe ya taulo.

Usiku huo hakugusa brashi. Kesho yake alizitia zote katika siki kwa mpigo.

Watu walianza kufika mmoja baada ya mwingine, kadiri nta ilivyokauka: mwenye ufunguo, mwenye nyota, mwenye jani. Walikaa kwenye benchi uani, wapole, ndevu zao zimekunjwa mapajani zisiburute chini. Majirani walipopita waliwasalimu, na waliokuwa na marehemu wao pale waliingia, wakaulizana habari za nyumbani. Mjane mmoja alimkemea mumewe kwa kutembea peku. Kila aliyenyolewa aliuliza swali lilelile, naye Mama Povu kila mara alijibu, "Bado," na kila mara aliugonga wembe kwa nguvu kwenye ukingo wa beseni, mpaka wafu wakawa wanaambiana watulie vizuri, shemeji ana hasira leo.

"Hasira hasara, mama," jirani wa ng'ambo ya ukuta alimwambia.

"Hasara nilishaipata. Nimebakiwa na hasira."

Mumewe alikuja siku ambayo Mama Povu alikuwa amemaliza brashi yenye alama ya simu. Alama hiyo alikuwa ameitazama kwa muda mrefu, kidubwasha cha kuongelea na waya wake uliojikunja, akasema moyoni kwamba huyu hata kuchonga hajui. Mumewe aliinama kidogo mlangoni, kama kawaida yake, ingawa mlango ulikuwa mrefu kumpita.

"Hujabadilisha mapazia," alisema.

"Mapazia hayana kosa. Kaa."

Alimpaka povu polepole. Uso ulikuwa uleule, na kovu lilelile chini ya sikio. Alikuwa amepanga maneno mengi ya siku hiyo, lakini yaliyotoka yalikuwa mengine.

"Kwa nini hukuniambia habari za barakoa?"

"Ungenikataza kwenda kazini."

"Ningekukataza, ndiyo! Ningelala mlangoni."

"Na mtoto alikuwa ndiyo ameanza shule." Aliinua kidevu wembe upite kooni. "Kila jioni nilijikung'uta nje kabla sijaingia. Nilisimama pale kwenye kona. Sikutaka vumbi likufikie wewe."

Mama Povu alimnyoa shavu la pili. Alipomaliza aliliacha beseni lilivyo, akaenda jikoni, akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili mpaka mishipa ikamsimama.

Jioni hiyo binti yao alikuja na mumewe. Binti alimkumbatia baba yake kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha picha za wajukuu ambao hakuwahi kuwaona. Mkwe alimpigia babamkwe magoti kidogo kwa heshima, kwa kuwa ndiyo mara ya kwanza kuonana. Alikuwa kijana mwenye ndevu nzuri, alizozitunza kwa mafuta.

"Nimepata kazi, mama," alimwambia Mama Povu. "Kiwanda cha vigae. Kwenye misumeno ya kukatia. Wamesema ninyoe tu."

Benchi lote liligeuka kumtazama.

"Wamesema kwa nini?" babamkwe aliuliza.

"Ili barakoa ikae vizuri. Ziko njiani."

Binti alimshika mumewe mkono, akasema kwa sauti ya chini kwamba kodi ya nyumba haingoji mtu, na wamehangaika mno. Mama Povu alivua aproni yake.

"Kesho tunakwenda," aliwaambia wafu. "Wote."

Walikwenda kwa miguu, wamenyolewa wakang'ara, Mama Povu mbele. Mlinzi wa geti aliwapapasa videvu mmoja mmoja kwa mgongo wa mkono, akawapisha. Mama Povu hakuwa na ndevu za kukagua, ila alipapaswa pia, kwa kuwa amri ni amri. Ndani, misumeno ilikuwa inalia na vumbi limesimama hewani kama pazia, na watu walio hai walikuwa wanafanya kazi wakiwa wamejifunga leso midomoni.

Meneja aliwapokea ofisini, madirisha yakiwa yamefungwa. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye mikono misafi. Hakushtuka. Aliwatambua baadhi yao kwa sura, akawapa pole kwa yaliyowapata.

"Mliandika tumbaku," Mama Povu alisema. "Huyu hapa. Muulize kama amewahi kuvuta."

"Sijawahi, bosi," mumewe alisema. Akakohoa, na vumbi jeupe likatua juu ya meza ya meneja.

Meneja alilifuta kwa kitambaa. "Nakuamini," alisema. "Lakini cheti kinatolewa mara moja tu. Daktari aliyekiandika naye ameshafariki."

"Na alinyoa?" Mama Povu aliuliza.

Meneja alilichukua kama swali la kawaida, akasema hakumbuki. Kisha akatoa barakoa kwenye droo, mpya, nene, ya mpira, akaivaa na kukaza mikanda. Ndiyo ilikuwa barakoa ya kwanza wafu kuiona. Walisogea wote kuitazama. Fundi wa mitambo aliomba kuigusa, akaruhusiwa, akasema kwa adabu kwamba kweli imeshika vizuri.

"Twendeni nikawaonyeshe," meneja alisema, sauti yake ikitokea mbali.

Aliwapitisha kwenye misumeno. Akaeleza kwamba kampuni ina upungufu wa watu wenye uzoefu, na kwamba wao, kwa hali waliyo nayo, vumbi haliwezi kuwafanya lolote tena. Wamenyoa. Masharti wameyatimiza. Wakitaka kazi, misumeno ile pale.

"Sasa hao mtawatoa?" mumewe Mama Povu aliuliza, akionyesha vijana wenye leso. "Sisi tukishika misumeno, wao mtawapeleka nje, kwenye kupakia?"

"Hilo linazungumzika," meneja alisema.

"Usikubali," Mama Povu alimwambia mumewe. "Unanisikia? Walishakumaliza mara moja."

Mumewe alimtazama kwa macho yale ya zamani, ya mtu ambaye ameshaamua na anaona aibu kwa hilo. "Mimi sina mapafu ya kupoteza, mama watoto. Mkwe wako anayo."

Wakakubali wote. Jumatatu yake waliripoti kazini wakiwa na suti zao za kuzikiwa, na walifanya kazi vizuri, bila kula, bila kuchoka, bila mshahara, kwa kuwa hakuna sheria inayosema mfu alipwe. Vigae vilitoka kwa wingi ambao haujapata kuonekana. Kwa faida hiyo kampuni ilinunua misumeno mipya, ikaipanga pembeni ya ile ya zamani, na vijana waliotarajiwa kwenda nje wakawekwa hapo. Mkwe alipangiwa msumeno ulio karibu na wa babamkwe wake. Mumewe Mama Povu alikwenda kwa meneja kulalamika, akaambiwa kwamba waliafikiana kuzungumza, na wamezungumza.

Mama Povu alikwenda mwenyewe. Alisimama getini akapaza sauti mpaka ikakauka. Malori yalimzunguka. Mlinzi alimletea kiti na maji, akamwomba asogee upande wenye kivuli.

Tangu hapo kila alfajiri nyumba yake ilijaa watu waliotaka kunyolewa kabla ya kazi. Wafu aliwanyoa, maana ndevu zao zilikua haraka na hawakuwa na pengine pa kwenda. Mkwe alimkatalia.

"Wewe sikunyoi," alimwambia, akauweka wembe mezani. "Nyuso nilizozitengeneza zinatosha."

Mkwe hakumjibu vibaya. Alisimama mbele ya kioo akajaribu mwenyewe, akajikata kidevuni. Mumewe Mama Povu aliinuka benchini, akamkalisha kijana, akachovya brashi katika maji ya moto na kumpaka povu kwa mzunguko, polepole, kama baba anavyompaka mwana. Kijana alikohoa mara moja, kikohozi kidogo kikavu. Babamkwe alisimamisha wembe, akangoja kipite, akaendelea.

King'ora cha kiwanda kililia. Wawili wale walijipapasa videvu kwa pamoja, aliye hai na aliyekufa, kuhakikisha hakuna unywele uliosalia, wakaaga na kutoka. Mama Povu aliinua beseni la maji meupe, akalirusha zima ukutani.

Kisha akaenda kuliokota, kwa sababu nje wenye zamu ya pili walikuwa tayari wanapiga hodi.