Maziwa ya Chupa ya Kumi na Moja

Mimi si mtu wa kuogopa ovyo. Nimezaa mara nne, nimehamishiwa kijiji cha ujamaa nikiwa na mimba ya miezi minane, na fisi nimewahi kumfukuza kwa mchi. Lakini siku Nesi Zaitun alipoweka sanduku la barafu juu ya meza ya zahanati na kututaka akina mama tukamulie maziwa yetu kwenye vichupa, niliogopa.

Ilikuwa Februari 1975, mwaka wa njaa. Katika kijiji cha jirani, upande wa Mwimbi, watoto wanaonyonya walikuwa wakitoka malengelenge, wakitetemeka, na watatu walikwisha kuzikwa. Hakuna aliyeujua ugonjwa ule. Nesi Zaitun, binti wa wenye duka pale Sumbawanga mjini, alitumwa apite vijijini kukusanya maziwa ya akina mama yapelekwe Ulaya.

"Huko kuna mashine," alituambia. "Inayageuza maziwa kuwa mvuke, inauvunja mvuke vipande visivyoonekana kwa macho, halafu inapima uzito wa kila kipande. Kila sumu ina uzito wake. Mama akila kitu kibaya leo, hata mwezi ujao mashine itakitaja."

Jirani yangu Luciana aliuliza kama itataja na pombe ya ulezi aliyokunywa Jumapili. Wenzangu wakaangua kicheko. Mimi sikucheka, maana nilijua nilichokula.

Mume wangu Clemens alikuwa mlinzi wa ghala la kijiji. Lori lilikuwa limeleta mbegu za mahindi za shamba la ujamaa, zimepakwa dawa nyekundu, na kwenye gunia kuna picha ya fuvu. Unga ulipotuishia Januari, Clemens alianza kuzileta nyumbani kidogo kidogo ndani ya koti. Niliziosha mara saba, mpaka maji yakatoka meupe kama ya kisimani. Nikazianika, nikasaga, tukala. Wifi yangu Bertilla, dada yake Clemens, alikuwa amejifungua binti, Kalista, nami nikampelekea debe zima la unga ule. Alinishukuru hadi nikaona aibu. "Nautunza, wifi," alisema. "Utakuwa wa uji wa Kalista akikua kidogo. Mimi ulezi wangu unanitosha."

Mwizi wa mbegu za kijiji alikuwa mwizi wa watu wote. Mlinzi mmoja wa upande wa Namanyere alifungwa miaka mitatu kwa gunia moja tu. Kwa hiyo nilipopewa chupa yangu, ya kumi na moja, sikuona chupa. Nilimwona Clemens na pingu mikononi.

Tulikamulia nyuma ya pazia la kanga, wawili wawili. Niliingia na Bertilla.

"Wifi, yangu yamegoma," nilimnong'oneza. "Nikitoka na chupa tupu watanisema. Nikamulie na mimi."

Bertilla hakuwa mtu wa maswali. Alijaza chupa yake, ya kumi na mbili, kisha akajaza yangu, huku akinitania kwamba nimshukuru Mungu kwa kunipa wifi mwenye maziwa kama ng'ombe. Nikacheka naye. Naona haya hata kukisimulia kicheko kile.

Wiki iliyofuata mwanangu Gaudensi, wa miezi mitano, alitoka upele mashavuni. Nilisema ni joto. Ufipa, Februari, na baridi ile, mimi nikasema ni joto! Upele ukawa malengelenge, malengelenge yakawa vidonda, na mikono ikaanza kumtetemeka akilala. Kila aliponyonya nilihesabu mafunda yake kwa hofu. Nilimwambia Clemens tumpeleke hospitali. Akasema, "Wakikuuliza umekula nini, utawajibu nini?" Nikabaki nyumbani.

Mwishoni mwa Machi Nesi Zaitun alirudi na gari na bahasha ya majibu. Alitukusanya zahanati, uso wake uking'aa kwa furaha.

"Kijiji chenu kimepona," alisema. "Sumu imeonekana kwa wenzenu wa jirani. Ni dawa ya mbegu. Walikula mbegu, wakidhani ikioshwa inatoka. Haitoki. Ukiosha, inaondoka rangi tu. Inaingia mwilini mwa mama, inatoka na maziwa."

Nilikuwa nimempakata Gaudensi, ananyonya. Nesi alimwona vidonda, akafungua daftari.

"Mama Gaudensi ni namba kumi na moja. Maziwa yako ni safi kabisa, kwa hiyo huyu si mgonjwa wa sumu. Nitampa dawa ya kupaka. Ila usimpe chakula kingine chochote, mnyonyeshe tu, tena mara nyingi."

Bertilla alinishika bega. "Mungu ametuona, wifi. Kalista naye katimiza miezi minne. Leo nimembandikia maji jikoni, nikirudi namkorogea uji wa unga wako."

Nilimchomoa Gaudensi kwenye titi. Akapiga kelele, akarudi kulitafuta kwa mikono yake inayotetemeka, nikamzuia.

"Usikoroge," nilisema. "Nesi, yale maziwa hayakuwa yangu. Mimi nilikula mbegu. Clemens alizitoa ghalani."

Nesi alinipokonya mtoto, akamwita dereva awashe gari, wakimbilie Sumbawanga. Kwa Clemens sikugeuka kumtazama, ingawa nilijua amesimama mlangoni.

Bertilla hakupiga kelele. Alisimama mbele yangu, Kalista mgongoni.

"Ulijua unga ule una sumu?"

"Sikujua, wifi! Haki ya Mungu. Niliosha mara saba. Niliamini imetoka."

"Kama uliamini imetoka," alisema polepole, "siku ile ulitakia nini maziwa yangu?"

Nilifungua mdomo nimtajie jela, nimtajie kaka yake. Nje Gaudensi alikuwa analilia titi ndani ya gari.