Kijiko cha Tatu

Siku niliyoshikwa na sukari mpakani, sikuwa nimebeba hata punje moja. Naeleza mwenyewe tangu mwanzo, maana nimechoka kuelezewa na watu.

Jina langu ni Nereah. Nakaa Busia, upande wa Kenya, na kila Ijumaa navuka kwenda Tororo kununua maharage. Mwaka huu nilianza kuwa na kiu isiyokatika, macho nayo yakawa na ukungu. Nikaenda kliniki. Sista Carol akanidunga kidole, akasoma kumi na mbili, na baada ya vipimo vingine akaniambia nina kisukari, ile aina ya pili. Daktari akasema dawa tungoje kwanza. Tujaribu chakula kwa miezi mitatu, halafu nipimwe tena.

Sista Carol alinichorea sahani nyuma ya kadi yangu. Nusu mboga, robo maharage au samaki, robo ugali. "Na huo ugali, mama, usizidi ngumi yako." Nikaitazama ngumi yangu. Mungu alinipa mikono midogo, na sikuwahi kumlaumu kwa hilo mpaka siku ile.

"Na chai?" nikauliza.

"Bila sukari."

"Hata kijiko kimoja?"

"Kwani wewe huweka vingapi?"

Mimi siweki. Huwekewa.

Anayeniwekea ni Maloba. Ana hoteli ndogo ya chakula nyuma ya soko la Tororo, mahali ambapo ukitoka nje unauona mwamba wote wa Tororo. Alifiwa na mkewe mwaka mmoja baada ya mimi kufiwa na mume wangu. Kila Ijumaa saa saba, nikishafunga magunia yangu, nilikuta kiti changu kimefutwa. Sahani inakuja na matoke ya ndizi, posho, yaani ugali wao, wali, viazi vitamu na kipande cha muhogo, vyote pamoja. Huko Uganda hicho ndicho chakula, na mengine yote ni sosi tu ya kuteremshia. Halafu inakuja chai, na hiyo hamwachii mtu. Anaileta mwenyewe, anasimama kando yangu na bakuli la sukari, anahesabu kwa sauti: "Moja ya njia. Mbili ya jua." Kijiko cha tatu anakitia bila neno, anakoroga, anaondoka. Kwa miaka minne nilimuuliza cha tatu ni cha nini, na kwa miaka minne alinijibu, "Wewe kunywa tu."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu yote. Hata mkono wangu hakuwahi kuugusa. Usinicheke.

Sasa niambie, ningemwendea vipi? Ningemwambia aondoe matoke, aondoe posho, aondoe wali, na mwisho aondoe na kijiko? Mtu ana kitu kimoja tu anachonifanyia, nami nimkataze? Isitoshe nina miaka hamsini na miwili, mjane, na sasa mgonjwa. Niliona bora anikumbuke nikiwa mzima.

Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza baada ya kupimwa nilipita barabara ya upande wa pili, nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku. Binti yangu Valarie alikuwa amenifungia chakula katika makopo mawili: kunde, mayai ya kuchemsha, ugali wa wimbi na nusu parachichi. Kopo la kwanza nililila sokoni, nimekaa juu ya magunia. La pili lilikuwa la jioni, kwa sababu Sista Carol alikuwa ameniapisha nisiruke mlo halafu nikajazie mandazi njiani. Ananijua vizuri mno yule msichana.

Jioni hiyo mstari wa mpakani ulikuwa haujongei. Nikamsogelea mama wa sare aliyekuwa anakagua mizigo.

"Naomba unipitishe haraka, dada. Nina sukari."

Akanitazama. "Una sukari?"

"Ninayo. Sifichi."

"Kiasi gani?"

"Kumi na mbili."

Macho yakamtoka. "Na umeitoa wapi?"

"Nadhani kwa mama yangu. Hata yeye alikuwa nayo."

Akamwita mwenzake. Kabla sijajua kinachoendelea, magunia yangu mawili yalikuwa yamefunguliwa na maharage yamemwagwa juu ya turubai, watu wawili wanayachambua kwa mikono wakitafuta kilo kumi na mbili za sukari ya magendo. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikapiga kelele, "Ya damu! Ya damu, jamani!" Yule mama alicheka mpaka akashika meza. Akaniomba msamaha, akanisaidia hata kuzoa maharage. Lakini waliokuwa mbele yangu walikuwa wameshavuka na nusu ya hadithi. Na nusu ya hadithi hapa kwetu husafiri kwa bodaboda.

Ijumaa zikapita. Nilijifunza kusafiri upya. Nilijifunza kubeba maji badala ya soda, kula saa zangu hata kama bei haijakubaliwa, kukimbia harufu ya gonja, zile ndizi tamu zinazochomwa pale stendi. Gonja nilikuwa naiacha nikiwa nimefumba macho. Maloba ndiye aliyenishinda. Nikiwa juu ya magunia yangu na kopo mapajani, nilikuwa naona moshi wa jiko lake ukipanda nyuma ya paa za soko, na najua saa ile amefuta kiti. Kunde zangu zilikuwa zimepoa. Nilizitafuna, namtamani yeye, naitamani na chai yake, na sikuweza kutenganisha kimoja na kingine. Niliwahi kumlilia marehemu mume wangu kwa mwaka mzima, lakini kumlilia mtu aliye hai, hatua mia mbili kutoka ulipokaa, hilo sikuwa nimelizoea.

Ijumaa ya sita, Akello, mama kutoka kijiji cha Kiyeyi anayeniuzia maharage, aliacha kupima akanitazama, akaniuliza kwa Kiswahili chao cha Tororo.

"Mama Valarie, wewe namtoroka Baba Arthur kwa sababu ya ile sukari?"

Baba Arthur ndiye Maloba. "Amejua? Nani amemwambia?"

"Watu yote najua. Wewe nashikwa na kilo kumi na mbili ndani ya maharage. Yeye nasema hataki kusikia jina yako tena. Nasema, kumbe ndiyo maana napita upande ile."

Nilikaa chini. Kama kuna jambo ambalo Maloba hasamehi, ni hilo. Mdogo wake, Fidel, alikuwa anavusha sukari kwa pikipiki kwenye njia za panya. Siku ya mvua pikipiki iliteleza, magunia matatu yakamlalia kifuani, na wenzake wakachukua magunia wakamwacha hapo. Tangu siku ile Maloba ameapa kwamba mtu wa magendo ya sukari hatakaa kwenye kiti chake.

Na mimi nilikuwa nacho kiti.

Nitasema ukweli, kwanza nilifikiria kuacha tu. Mtu wa magendo angalau ni mtu mwenye nguvu zake. Hakuna anayemwonea huruma. Huruma ndiyo niliyokuwa naikimbia wiki zote hizo. Lakini nilipomfikiria Maloba akimkumbuka Fidel na kunikumbuka mimi kwa uchungu ule ule, niliinuka, magunia hayajafungwa, nikamwachia Akello.

Hoteli ilikuwa imepungua watu. Kiti changu kilikuwa kimepinduliwa juu ya meza, miguu juu. Maloba alikuwa anafuta sahani, na aliponiona aliendelea kuifuta ile ile.

"Hapa tumefunga," akasema. Watu watatu walikuwa wanakula.

"Nina sukari, Baba Arthur."

"Mimi nasikia. Kilo kumi na mbili." Akaiweka sahani chini. "Wewe najua Fidel alikufa namna gani. Mimi nakuambia wewe peke yako, hapa, kwa meza hii. Halafu wewe naenda kubeba sukari."

"Si ya gunia," nikasema. "Ni ya damu."

Hakuelewa. Nikatoa kadi ya kliniki, nikaiweka mbele yake. Aliisoma polepole, kidole kikifuata maandishi, kisha akaigeuza akaiona ile sahani ya Sista Carol. Akaikodolea macho muda mrefu.

"Tangu lini?"

"Wiki sita."

"Mbona hukuambia mimi?"

"Ningekunywaje chai yako?" Machozi yalikuwa yameshanifika, na mimi nikilia huwa nakasirika. "Wewe una vijiko vitatu tu vya kunipa! Nikivikataa, nitakuja hapa kufanya nini? Kutazama mwamba?"

Wale watu watatu waliacha kula. Maloba aliweka kadi chini, akaingia jikoni. Nikabaki nimesimama. Nikahesabu mpaka ishirini, nikasema basi, Nereah, jibu umelipata. Nikageuka mlangoni.

"Wewe nakwenda wapi?"

Alikuwa ametoka na sahani. Akaishusha kwenye meza yangu, akakiteremsha kile kiti, akakifuta. Katika sahani kulikuwa na mchicha, mwingi hadi unamwagika, na maharage upande mmoja. Mkono mwingine alikuwa ameshika bakuli la posho ya wimbi na mwiko.

"Hii karatasi nasema ngumi," akasema. "Leta."

"Nilete nini?"

"Ngumi yako."

Nikanyoosha mkono. Akaushika kwa mkono wake wenye joto la jikoni, akaukunja vidole kimoja kimoja, akautazama kwa makini kama mtu anayenunua. Akachota posho, akailinganisha, akakata kipande, akalinganisha tena. Mkono wangu hakuuachia mpaka alipomaliza, na alichukua muda mrefu kumaliza.

"Ngumi yako kidogo sana," akasema.

"Najua."

Nilipokuwa nakula alileta chai. Ilikuwa ya rangi, na bakuli la sukari hakuja nalo. Akasimama kando yangu pale pale anaposimama siku zote, akatoa kijiko mfukoni. Kilikuwa kitupu. Akakitia kwenye kikombe.

"Moja ya njia," akasema, akakoroga. "Mbili ya jua."

Akakitoa, akakirudisha mara ya tatu, kimya. Sikumwacha.

"Na cha tatu, Baba Arthur?"

Alikoroga muda mrefu chai isiyokuwa na kitu cha kukorogwa.

"Ya tatu," akasema, "ni ya wewe kurudi."

Nikainywa. Ilikuwa chungu, sitadanganya, na sikuacha hata tone.