Paneli Chafu ya Daktari Halvorsen

Mama yake Yesenia Baca hakuamini kwamba kuna watu wanaomlipa mwanafunzi mshahara ili atazame vumbi.

"Kutazama tu?" aliuliza, akimfungia burito, chapati iliyoviringishiwa maharage na pilipili ya kijani.

"Ni utafiti, mama. Tunapima vumbi linakula umeme kiasi gani."

"Basi waje kwangu. Juu ya kabati liko la kutosha."

Yesenia alikuwa na wiki moja katika maabara ya sola, jangwani New Mexico. Mafunzo yalikuwa ya wiki kumi, lakini mkuu wa maabara, Daktari Halvorsen, alikwishasema kwamba atakayemridhisha atabaki kazini mpaka amalize chuo. Yesenia aliitaka nafasi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu. Ndiyo maana Jumatatu aliwahi, akitafuta jambo jema la kufanya bila kuagizwa.

Nyuma ya maabara, ambako alikuwa hajafika bado, zilisimama paneli mbili. Moja iling'aa. Nyingine ilikuwa imevaa vumbi na kinyesi cha njiwa, ikamtia huruma. Akachukua ndoo, sabuni na sponji, akaisugua mpaka akaona meno yake ndani yake.

Lencho, fundi wa maabara, akatokea na kahawa yake. Akasimama.

"Binti, umefanya nini?"

"Nimeiosha, mjomba. Ilikuwa chafu."

"Ilikuwa chafu kwa sababu kazi yake ni kuwa chafu. Ile safi tunaiosha, hii haiguswi, halafu tunalinganisha. Mwaka wa tatu huu. Daktari huisalimia kila asubuhi."

Yesenia akaketi juu ya ndoo. "Hata mvua huiosha, sivyo?"

"Mvua ni ya Mungu. Wewe una jina na tarehe ya kuanza kazi." Lencho akamwonea huruma, akachukua koleo. "Vumbi halijaisha New Mexico. Tunairudishia sasa hivi. Kinyesi tutawaomba njiwa."

Yesenia akatazama koleo, akaitazama njia ambayo Daktari angekuja nayo. "Hapana, mjomba. Namba zitasema uongo."

Akafungua daftari la vipimo, akaandika: *Saa mbili na dakika kumi asubuhi. Nimeosha paneli chafu bila kuagizwa. Y. Baca.* Kisha akasoma mita ili ajaze safu ya umeme. Akaisoma tena.

"Mjomba, daftari linasema Ijumaa ilikuwa nyuma ya mwenzake kwa robo. Leo ni safi, na bado iko nyuma kwa robo."

Lencho akaingia chini ya paneli. Alipotoka, alikuwa ameshika waya uliotafunwa ukabaki uzi.

"Panya," akasema.

Daktari Halvorsen aliwakuta hapo. Akautazama waya, akaisoma ile mistari ya daftari mara mbili.

"Nimehutubia makongamano manne juu ya vumbi," akasema taratibu. "Kumbe nilikuwa namsifia panya."

"Nisamehe, Daktari."

"Wanafunzi watatu wamepita hapa kabla yako. Wote waangalifu, hakuna aliyegusa kitu. Wewe umegusa, ukaandika." Akamrudishia daftari. "Utabaki. Tutafunga waya mpya tuanze upya. Ila hiyo ndoo niletee, nitaifungia ofisini kwangu."

Jioni mama alisikiliza mpaka mwisho, akaweka sahani mezani.

"Kwa hiyo sasa hata vumbi lenyewe hamna. Wanakulipa ungoje lianguke."

"Ndiyo, mama," Yesenia akasema, akicheka mpaka machozi. "Mpaka nimalize chuo."