Kisanduku cha Kumwagia Zege

Nyapara wa genge la zege alikuwa na sauti moja tu, kubwa, na kwa sababu hiyo watu walimwita Honi. Mkewe alikuwa akisema kwamba mume wake akiomba chumvi mezani, majirani wote huinuka kutafuta chumvi. Lakini hiyo hiyo ndiyo sauti iliyolisha nyumba nzima.

Unapomwaga zege la ghorofa bila mitambo mikubwa, watu husimama mstari mmoja kuanzia kwenye mashine ya kuchanganyia mpaka juu, na karai hupita mkono kwa mkono. Mstari huo ukikosa mwimbishaji, kazi imekufa. Mmoja ataharakisha, mwingine atachelewa, na karai litamwangukia wa tatu mguuni. Na zege halilali. Ghorofa ukiianza asubuhi uimalize siku hiyo hiyo, la sivyo patabaki kiungo kati ya zege la jana na la leo, na kwenye kiungo hicho mvua itapita mpaka wajukuu wa mwenye nyumba wazeeke.

Kwa hiyo Honi aliimba na genge likaitikia. Aliuliza, "Karai lina nini?" Wakajibu, "Lina mchanga na mawe!" Akauliza, "Linakwenda wapi?" Wakajibu, "Juu, juu, juu!" Katikati ya wimbo aliwachomekea vijembe wale waliozubaa, kila mtu na kijembe chake, na mtu aliyechomwa aliona haya akakaza mkono. Majengo mengi ya mtaa ule yalipanda kwa sauti ya Honi, naye akipita karibu na jengo lolote alilitazama kama mtu anayemtazama mwanawe amevaa nguo mpya.

Kisha koo likaota kinyama. Daktari akamwambia si ugonjwa wa kuua, kitakatwa, ataongea na atakula.

"Ila kupiga kelele basi, mzee."

"Basi kwa muda?"

"Basi moja kwa moja. Ukilazimisha, hata hiyo sauti ndogo itakayobaki itakwenda."

Honi alirudi kazini akiwa kama mtu aliyeambiwa auze miguu yake. Mbaya zaidi, mkandarasi alikuwa ameanza kuzungumzia pampu. Kuna mashine siku hizi inasukuma zege kwa bomba mpaka juu, haili mchana wala haigombani. Mkandarasi alisema waziwazi mbele ya genge zima: ghorofa hii ya pili ni yenu, lakini mstari ukikatika, ya tatu naleta pampu. Kila mtu alijua maana yake. Pampu ikija, genge linakwenda nyumbani.

Katika jengo hilo hilo alikuwako binti yake Honi, fundi umeme, ndiye aliyekuwa akilaza mabomba ya nyaya kati ya nondo kabla zege halijamwagwa. Siku moja, wakati wa chakula, alikuja na kidude cheupe, chembamba, kinaenea kiganjani.

"Kimetoka mwezi huu huu," alisema. "Kicheza muziki cha mfukoni. Nimenunua cha kwangu."

Honi alifuta mikono kwenye suruali, akaona haitoshi, akaifuta tena kwenye shati, ndipo akakipokea. "Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Huyu ni wangu. Hakusubiri mjomba wala mume amletee."

"Tumeona, Honi, tumeona," alisema Kipara, mtu wa ngazini, mwenye kichwa kisicho na unywele na tumbo lililomtangulia kila aendako. Alikichukua akakigeuza huku na huku kama anayetafuta pa kukichinjia. "Haya, kinafanya nini?"

"Kinapiga muziki, kaka."

"Muziki tu? Kitu kizuri namna hii kipige muziki tu? Haiwezekani. Lazima kina kazi nyingine mliyofichwa."

Hapo mjadala ukawaka. Mama Mchanga, mwanamke wa miraba minne aliyekuwa akilisha mashine ya kuchanganyia, alikinyang'anya akajitazama kwenye mgongo wake uliokuwa uking'aa. "Hiki ni kioo cha kupakia wanja. Muziki ni nyongeza."

"Kioo cha nini, Mama Mchanga? Si ujitazame kwenye kichwa cha Kipara, hakitaki hata betri," alisema Twiga, mwashi mrefu aliyekuwa akipokea makarai kule juu.

"Nyamaza, mlingoti wewe. Na chako kingekuwa cha kazi gani?"

Twiga akafikiri. "Dada, kinarekodi sauti?"

"Kinarekodi."

"Basi mimi nitakitega chini ya mto. Siku mke wangu akisema 'nimekosea', nimenasa, namsikilizisha mpaka uzeeni."

"Utasubiri mpaka betri iote ukungu!"

Kipara alisema yeye angejiziba masikio kwa vile vijispika vyake vya masikioni kila mama mkwe akija, na mama mkwe angedhani mkwe wake anasikiliza mahubiri. Mwingine akasema mwanga wake unatosha kwenda nao chooni umeme ukikatika. Wakacheka mpaka wali ukapoa. Honi naye alitikisa mabega, maana kucheka kwa sauti kulikuwa kunamuuma.

Binti yake alimwona. Akaacha kucheka.

"Baba," alisema, "kinarekodi. Na kinaunganishwa na spika kubwa. Kwa nini usiimbe humu kabla hujakatwa hicho kinyama? Siku ya zege wewe unakaa kimya, kisanduku kinaimbisha."

Mzaha ukaisha pale pale. Watu wakatazama kile kidude upya.

"Wallahi," alisema Mama Mchanga polepole, "hiyo ndiyo kazi yake."

Jioni ile Honi alijifungia chumbani na kisanduku. Mara ya kwanza alisimama mbele ya kabati akaimba, lakini sauti ilitoka kavu, kama ya mtu anayesoma tangazo. Hakuwa amewahi kuimbisha bila kuona watu. Basi akafumba macho, akampanga kila mtu mahali pake: Mama Mchanga kwenye mashine, Kipara ngazini, Twiga juu. Alipowaona, sauti ikaja. Akaimba nyimbo zake zote, na vijembe akavipanga humo humo, kwa sababu wimbo wa zege bila vijembe ni uji bila sukari. Kipara husinzia baada ya kula, akamwekea chake. Twiga huzungumza na wapita njia, naye akapata chake. Koo lilimwaka moto. Mkewe aligonga mlango kuuliza anapigana na nani.

Aliposikiliza alichorekodi, Honi aliketi kitandani akakirudia tangu mwanzo. Hakuwahi kujisikia. Akamwambia mkewe, "Mimi naimba vizuri, bwana."

"Ndiyo umejua leo? Mtaa mzima unajua," mkewe akajibu.

Operesheni ikafanyika salama. Siku ya kumwaga zege ilipofika, Honi alikuwa na kitambaa shingoni na sauti kama ya mtu anayenong'ona msikitini. Spika ilifungwa kwenye nguzo, kisanduku kikachomekwa, na binti yake akapanda nacho juu, waya ukimfuata, kulinda mabomba yake yasikanyagwe. Mkandarasi alisimama pembeni, mikono kifuani.

Sauti ya Honi ikalipuka kutoka kwenye nguzo. "Karai lina niniii?"

"Lina mchanga na mawe!"

Mambo yakaenda kama maji. Makarai yalipanda yamejaa, yakashuka matupu, watu wakicheka kumwona Honi amefunga mdomo na huku anawafokea. Honi mwenyewe alisimama kidevu juu. Alimtazama mkandarasi kama kumwambia, hiyo pampu yako ina sauti?

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hakuna aliyelifikiria. Kipara alikuwa ameteguka bega siku chache kabla, hawezi kuinua karai juu ya kichwa. Akahamishiwa kwenye mashine, na Mama Mchanga, mwenye nguvu za watu wawili, akachukua ngazi. Kila mtu alijua na hakuna aliyejali. Watu wanahama, kazi ni ile ile.

Baada ya chakula, wimbo ulipokuwa umekolea, spika ikanguruma: "Wewe wa ngazini! Tumbo mbele, kazi nyuma! Umekula ya watu wangapi?"

Mama Mchanga akasimama na karai begani.

"Nani ana tumbo?"

"Amka, gunia la viazi!" spika ikaendelea.

"Honi! Mimi? Gunia? Mimi niliyebeba la Kipara na langu tangu asubuhi?"

Honi alitikisa mikono yote miwili, akaonyesha Kipara, akaonyesha ngazi, akashika kichwa. Kutoka mbali alionekana kama mtu anayefukuza nyuki. Mama Mchanga akaliteremsha karai akaliweka kwenye ngazi, akaketi juu ya kipandio. Chini makarai yakaanza kurundikana. Mtu mmoja akajikwaa, zege likamwagika. Juu Twiga alipiga kelele kwamba ukingo unaanza kukauka. Na spika, haioni wala haijali, iliendelea kuuliza kwa furaha karai linakwenda wapi, na hakuna karai lililokuwa linakwenda popote.

Mkandarasi akatoa simu mfukoni.

Honi aliiona ile simu. Akajaza kifua apige kelele, koo lipasuke likipasuka. Kabla hajafungua mdomo, spika ikakatika ghafla, na kutoka juu ikaja sauti nyingine.

"Mama wa ngaziniii!"

Binti yake alikuwa amesimama ukingoni, waya wa spika mkononi. Sauti haikuwa nene kama ya baba. Ilikuwa nyembamba na kali, ya kukata bati.

"Mama wa ngazini, aliyekutukana yuko wapi?"

Mtu mmoja akaitikia kwa kubahatisha, "Yuko kwenye nguzo!"

"Ana mikono?"

"Hana!" Sasa walikuwa wengi.

"Ana mgongo?"

"Hana!"

"Basi karai ni la nani?"

Mama Mchanga akainuka taratibu. Alikuwa bado amekunja uso, lakini mdomo ulianza kumsaliti. "Ni langu!" akajibu peke yake, akalirusha juu kwa Twiga kwa nguvu nusura amwangushe. Genge zima likapiga mbinja.

"Kipara wa mashine, unasinzia?"

"Sisinzii, dada!"

"Jicho moja limefunga duka!"

Vicheko, na mstari ukatembea. Honi alibaki ameduwaa na kifua kimejaa pumzi. Akaitoa polepole. Binti hakuwa akiimba nyimbo za baba yake. Aliokota kilichokuwa mbele ya macho yake, akakitia kwenye mwendo ule ule. Ngazi ilipoteleza kidogo, akavuta wimbo ukawa mzito mpaka walipoitengeneza. Wingu lilipojitokeza akauharakisha. Alipoona mtu amechoka alimtania mwenzake wa pembeni, ili yule aliyechoka apumue akicheka. Honi alifanya hivyo maisha yake yote na hakuwahi kumfundisha mtu, kwa sababu hakujua kama ni kitu cha kufundishwa. Kumbe msichana alipokuwa akija na chakula cha baba akiwa mdogo, alikuwa akitazama.

Mvua haikuwawahi. Karai la mwisho lilipanda jua likiwa bado lipo, na Twiga akasawazisha ukingo wa mwisho bila kiungo hata kimoja.

Mkandarasi akaja akipangusa viatu. Simu ilikuwa imerudi mfukoni. "Nyapara, ghorofa ya tatu ni yenu. Lakini sema, nani ataimbisha? Wewe ukipona, au kile kisanduku?"

"Baba ataimbisha kwa kisanduku," binti alisema haraka, "mimi nina mabomba yangu."

Honi akatikisa kichwa. Akamshika mkandarasi mkono, akamvuta karibu ili asilazimike kupaza sauti, akamwambia, "Huyu. Muulize yeye kama ana nafasi."

"Na wewe utafanya nini?"

Honi hakuwa amelifikiria hilo. Akatazama mstari uliokuwa unavunjika, watu wakijimwagia maji mabombani. "Nitabeba."

Ghorofa ya tatu alibeba. Alisimama ngazini, mahali pagumu kuliko pote, katikati ya watu waliozoea kumwogopa. Mikono ilikuwa imesahau uzito wa karai, na kufikia saa za katikati ya asubuhi alikuwa akihema kama mvukuto. Karai moja likamponyoka, akalidaka kwa goti.

"Mzee wa ngaziniii!" sauti ikashuka kutoka juu, mbele ya mkandarasi, mbele ya wapita njia, mbele ya kila mtu. "Goti hilo ni la kudakia au la kusalia?"

Genge likaangua kicheko, Mama Mchanga kuliko wote. Honi alimgeukia mtu asiyemjua, kibarua mgeni aliyekuwa nyuma yake, akamnong'oneza huku jasho linamwingia machoni, "Umesikia alivyonitukana? Ni wangu huyo." Kisha akanyoosha mikono kupokea karai.