Divai Laini ya Shemeji

"Usiiguse kama huinunui," Josephati alisema, akaupiga mkono wa Germana kwa kitambaa cha kufutia meza.

Germana aliurudisha mkono ndani ya shuka lake. Kitambaa hakikumuuma. Mwaka ule alikuwa amepigwa na vitu vizito zaidi. Akaendelea kuzitazama zile chupa mbili zilizokuwa nyuma ya kaunta. Moja ilikuwa juu ya rafu karibu na dirisha, na karatasi yake iling'aa kwa maandishi ya dhahabu. Nyingine ilikuwa sakafuni ndani ya kreti, imejaa vumbi.

"Nataka kujua iliyo laini ni ipi," alisema.

"Laini?" Josephati aliwageukia wateja wake. "Mnasikia? Anadhani nauza vitenge."

Wanaume waliokuwa wakinywa tangu asubuhi walicheka. Baa ile ilikuwa ndogo, na kicheko kilijaa hadi kwenye mabati. Kisha mmoja wao akamtazama Germana vizuri, akaacha kucheka.

"Huyu si yule wa Qurus? Yule aliyemnywesha mumewe? Josephati, muulize kwanza, hii ni ya kumwua nani."

Germana alisogea karibu zaidi na kaunta. Alitazama chupa.

Mumewe, Patrisi, alikufa siku ya mavuno. Majirani walikuja kuwasaidia kuvuna mahindi, na kama ilivyo desturi, Germana aliwapikia pombe ya mtama. Walikunywa wote. Patrisi alikunywa, akacheka, akaketi juu ya gunia, kisha akashika kifua. Jua lilipozama alikuwa amefunikwa shuka. Mganga wa zahanati alisema ni moyo. Lakini kaka mkubwa wa marehemu, Hhando, alisimama kaburini akasema ni sumu, kwamba mwanamke alimtilia mumewe kwenye kibuyu chake. Neno la kaka lilitembea upesi kuliko la mganga. Tangu siku ile hakuna aliyenunua pombe ya Germana. Kisimani, wanawake waliliosha jiwe alilokuwa ameweka ndoo yake kabla ya kuweka za kwao.

Sasa mvua za kupandia zilikaribia, na Hhando alimtaka aondoke shambani arudi kwao Endabash. Wazee walisema jambo kama hilo halikatwi kwa hasira. Germana atampa Hhando kinywaji kwa mkono wake mwenyewe, mbele yao. Hhando akinywa na kinywaji kikashuka, neno la sumu litazikwa na shamba litabaki kwa mjane. Akikohoa au akitema, kinywaji kimekataa, na Germana atafunga mzigo.

"Kitu kilichopita jikoni kwake sikinywi," Hhando aliwaambia. "Alete divai nyekundu ya dukani. Ile laini, kama niliyokunywa hotelini ukingoni mwa kreta siku tulipomaliza barabara."

Alijua alichokuwa akisema. Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne, na madukani hata sabuni ilikuwa hadithi. Na kila mtu Qurus alilijua koo la Hhando. Vumbi la mawe aliyoyapasua barabarani lilikuwa limeliharibu. Hata uji wa moto ulimkohoza.

"Mama, unanunua au unaabudu?" Josephati aliuliza.

"Nifungulie ile ya sakafuni."

"Hiyo? Ya Dodoma hiyo. Ile ya rafuni ndiyo ya zawadi. Ona karatasi yake."

"Ile imekaa juani. Kinywaji kilichokaa juani kina hasira."

"Haya, mganga wa divai. Lakini nikifungua, umenunua. Hata ikiwa siki, hata ikiwa mafuta ya taa."

"Nimenunua," Germana alisema. Gunia la maharage aliyoleta kulipia lilikuwa tayari mlangoni, na Josephati alikuwa ameshatia mkono humo mara mbili akiyapima kwa macho.

Kizibuo kilipotea siku nyingi, kwa hiyo Josephati alikichokoa kizibo kwa msumari mrefu, huku akitukana kwa sauti ya chini. Kilitoka kimepasuka. Alimimina kidogo kwenye bilauri, akaisukuma juu ya kaunta mpaka ikamwagika kidogo.

Germana alinusa kwanza. Kisha akaonja. Divai ilimshika ulimi kama ganda la ndizi mbichi, halafu ikalegea, ikateremka. Alifumba macho. Alijaribu kulifikiria koo la Hhando, koo lenye makovu, na akameza tena polepole kana kwamba ni koo lake. Hapa itapita. Na hapa? Hapa pia. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumfikiria shemeji yake bila kuogopa, kama mtu anayeumwa tu.

"Ni laini," alisema.

"Basi nenda nayo, na usiseme umeipata kwangu. Mtu akifa, mimi sipo."

Nje, chini ya ukuta wa baa, Kuluthumu alikuwa akikaanga vitumbua kama kila siku. Alimwona Germana akihangaika kukisukuma kizibo kilichopasuka, na tone jekundu likishuka kwenye kidole chake.

"Njia ya Qurus ni mawe matupu, dada. Hiyo itaishia kwenye nguo zako." Kuluthumu alipasua ukanda kwenye kanga yake kuukuu. "Mimi chupa hiyo siigusi, unajua dini yangu. Lakini kitambaa nitakushikia huku wewe unafunga."

Akageuza uso pembeni, akashika ncha ya ukanda kwa vidole viwili, na Germana akazungushia shingo ya chupa mpaka kizibo kikakaa. Kabla hajaondoka, kitumbua kimoja cha moto kiliwekwa kwenye kiganja chake. Alikila njiani kidogokidogo, na alipofika Qurus bado vidole vyake vilikuwa na mafuta.

Jumapili, baada ya ibada, watu walikusanyika nyumbani kwa mzee Qamara, aliyekuwa msemaji wa wazee. Wanaume waliketi kwenye viti vya chini, wanawake karibu na mlango. Hakuna aliyempisha Germana. Alisimama na chupa kifuani.

Hhando aliketi peke yake, mgongo umenyooka. Alikuwa amevaa koti la ukoo, lile alilovaa siku ya mazishi.

"Iweke chini," alisema. "Usinimiminie bado. Nataka niione."

Germana akaiweka. Hhando aliinua chupa, akakifungua kile kitambaa, na mkono wake ukasimama hapohapo. Kizibo kilichopasuka kilianguka chenyewe, kikaviringika hadi miguuni pa mzee Qamara.

"Mnaona?" Hhando alisema, na sauti yake haikuwa kubwa. "Nilitaka ya dukani kwa nini? Kwa sababu hufungwa huko kiwandani, mkono wa mtu hauingii. Huyu ameifungua njiani. Mlikuwa mnasema namwonea. Haya, semeni sasa."

Germana alikitazama kizibo. Ilikuwa kweli. Jambo hilo halikumpitia kichwani hata kidogo. Usiku na mchana alikuwa amefikiria koo, koo tu.

"Niliionja, shemeji. Nilitaka kujua kama itakuumiza."

"Nani alikutuma kuonja?"

"Hakuna. Sijawahi kumpa mtu kinywaji ambacho sijakionja. Sijui kufanya vingine."

"Hajui kufanya vingine!" mwanamume mmoja alirudia, na wengine wakaguna. Mwanamke mmoja alisema, bila kujificha, kwamba Endabash si mbali, ukiondoka asubuhi unafika. Mzee Qamara aliokota kizibo, akakigeuza mkononi.

"Ni kweli," sauti ilitoka mlangoni.

Alikuwa Evarista, mke wa Hhando. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na tangu mazishi alikuwa hajaongea na Germana hata salamu, maana mumewe alimkataza. Sasa alikuwa amesimama, na mikono yake ilikuwa ikikunja na kukunjua ncha ya kitenge.

"Keti," Hhando alisema.

"Nitaketi nikimaliza, baba Yohani. Siku ya mavuno mimi ndiye niliyekuwa napeleka vibuyu shambani. Kila kibuyu alikionja kwanza, ndipo akanipa. Kila kimoja. Cha Patrisi pia, alikunywa funda zima mbele yetu. Na wewe ulikuwepo."

"Keti, nimesema."

"Ukamtania. Ulisema, 'Shemeji, ukionja vyote hivyo, leo tutakubeba wewe tuache mahindi.' Patrisi alicheka mpaka pombe ikamwagikia shati."

Nje kuku alikuwa akichakura majani makavu. Hhando alitazama mikono yake kama mtu aliyekabidhiwa mikono ya mwingine.

"Ulisema hivyo?" mzee Qamara aliuliza.

Hhando aliiweka mikono ile magotini.

"Nilisema."

"Na alicheka?"

"Alicheka," Hhando alisema, na kidevu chake kikaanza kutikisika, akakikaza. "Alikuwa anacheka hivyo tangu mdogo. Kila kitu kwake kilikuwa cha kuchekwa." Akamgeukia Germana, na macho yake hayakuwa na urafiki wowote. "Lakini ni nyumbani kwako alikofia. Sitalisahau hilo. Usidhani nitalisahau."

"Hata mimi sijalisahau, shemeji."

"Basi mimina, tuone," alisema Qamara.

Germana alimimina kwenye kikombe cha bati. Akainua, akanywa funda moja mbele ya wote, akameza, akasubiri kidogo ili kila mtu aone kwamba amemeza. Kisha akapiga goti na kukitoa kikombe kwa mikono miwili.

Hhando alikipokea kwa mkono mmoja. Divai ilitetemeka kikombeni, na Germana, ambaye miezi yote ile alidhani mtu huyu ana chuki tu, aliona kwamba anaogopa. Alikuwa anaogopa kama mtoto anayepewa dawa. Aliamini kweli kwamba huenda akafa, na bado alikisogeza kikombe mdomoni.

Akanywa.

Wote waliitazama shingo yake. Funda la kwanza lilishuka. La pili likashuka. La tatu lilifika katikati, likakwama, na Germana akaona kikohozi kikipanda. Alikiona kwenye mishipa ya shingo, kwenye macho yaliyojaa maji ghafla, kwenye vidole vilivyobana kikombe mpaka vikawa vyeupe. Hhando alimtazama juu ya ukingo wa kikombe, akafunga midomo, akakaza taya. Akakimeza.

Alikiweka kikombe chini kikiwa kitupu. Hakusema ni laini. Hakusema ni kali. Hakumpa Germana mkono, wala hakuwaaga wazee. Alisimama, akavuta koti lake, akapita katikati ya wanawake bila kumgusa yeyote, akatoka na kuzunguka nyuma ya nyumba, kule kwenye zizi la ng'ombe.

Mzee Qamara alikitazama kikombe kitupu, akakigeuza juu chini ili wote waone.

"Kimeshuka," alisema. "Anayetaka kulisema lile neno tena, alisemee kwangu kwanza."

Ndipo kikasikika. Kilitoka zizini, kirefu, cha kupasua kifua, kikohozi cha mtu aliyejizuia kupita uwezo wake. Kilinyamaza kidogo, kikaanza upya. Evarista alichukua kata ya maji karibu na mlango, akatoka nayo polepole, asiimwage. Yule mwanamume aliyerudia maneno ya Germana aligeuza kichwa kuelekea ukuta wa upande wa zizi, akafungua mdomo aseme.

"Germana!" mzee Qamara alisema kwa sauti kubwa ajabu, kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. "Mbegu unazo?"

"Ninazo, mzee."

"Nzuri! Maana nimeona mawingu mlimani Oldeani!" Kule nje kikohozi kilipanda tena, na mzee akapandisha sauti juu yake. "Nasema nimeona mawingu! Oldeani kote kumekuwa kweusi!"

"Kweusi kabisa," alisema mzee aliyeketi kando yake, naye kwa sauti kubwa.

"Hata mimi niliyaona," alipaza mwingine.