Droo ya Caren

Mwaka wa tatu huu Caren anahifadhi insulini yake ya kisukari ndani ya nyungu yenye mchanga uliolowa, isiharibiwe na joto la ziwani. Kila akiiomba zahanati friji, jibu ni lile lile: bajeti hakuna.

Leo mheshimiwa ametoka Kisumu kwa ving'ora kuja kufungua mochari mpya papo hapo zahanatini. Ina droo kumi na mbili, jenereta yake yenyewe na baridi ya kutetemesha meno.

"Watu wetu wanastahili heshima!" akanguruma, akakata utepe.

Caren akajipenyeza mbele na nyungu yake.

"Mheshimiwa, naomba droo moja niweke dawa."

"Mama, hizo ni za maiti!"

"Najua, Baba. Dawa itangulie tu, mimi nakuja."