Seremala wa Belmara

Binti yetu Lornah alizaliwa baharini, Januari ya 1966, ndani ya meli iliyoitwa Belmara. Mimi, Tobias Odero, nilikuwa nimemaliza masomo ya ujenzi wa barabara Uingereza, na mke wangu Phoebe alikuwa amehitimu uuguzi huko huko. Tulikuwa tunarudi nyumbani. Mimba ilikuwa ya miezi saba, na daktari wa London alitwambia tusafiri bila wasiwasi.

Belmara haikuwa meli ya mchezo. Iliundwa baada ya vita vikuu vya pili, na tangu hapo ikawa inabeba maofisa wa serikali, wamishonari na wanafunzi kati ya London na Mombasa. Ilikuwa na sinema, maktaba, kinyozi, kanisa dogo, bwawa la kuogelea, na mtambo wa kuchapa gazeti lake yenyewe. Mkate ulitoka motoni kila asubuhi. Phoebe alizunguka siku ya kwanza akarudi akicheka.

"Tobias, huu ni mtaa mzima. Umekosa soko tu."

Dhoruba ilitukuta katika Ghuba ya Biscay. Chini ya maji, ubavuni, meli ilikuwa na mapezi kama ya samaki ya kuizuia isiyumbe, lakini siku ile hayakufua dafu. Sahani ziliruka mezani. Katikati ya misukosuko hiyo Phoebe akashikwa na uchungu.

Wakamkimbiza kwenye hospitali ya meli. Nahodha alipopata habari alipunguza mwendo, akaigeuza meli ikabiliane na mawimbi uso kwa uso, daktari apate kusimama. Watu zaidi ya elfu walicheleweshwa kwa ajili ya mwanamke mmoja wa kwetu Alego. Nilisimama mlangoni nikiomba Mungu kwa Kijaluo, kwa maana Kiingereza chote kilikuwa kimenitoroka.

Mtoto alitoka mdogo kama njiwa. Meli haikuwa na mashine ya kulelea watoto njiti. Lakini kabla jua halijatua waliingia mabaharia wawili wamebeba sanduku la mbao lenye kifuniko cha kioo, na ndani yake balbu za kutia joto. Lornah akalazwa humo, na humo akaishi mpaka Mombasa.

"Nani amelitengeneza?" Phoebe alimwuliza nesi.

"Seremala wa meli. Yuko chini kabisa, abiria hawafiki."

Pale bandarini gari la wagonjwa lilikuwa linatungoja. Tulipitishwa mbio mbio, na yule mtu hatukumwona kamwe.

Miaka saba ikapita. Nilikuwa na kazi katika mji mkuu, tunakaa mtaa wa Woodley, na Phoebe anauguza hospitalini. Kila Lornah alipozima mshumaa wa bethidei, mama yake alisema, "Na fundi wetu, Mungu ambariki popote alipo." Siku moja baada ya kanisa, rafiki wa Phoebe, Njambi wa Riruta, aliyekuwa akifanya kazi katika hoteli kubwa katikati ya jiji, akamshika mkono.

"Mama Lornah, ile meli yenu inarudi Mombasa! Lakini siku hizi ni ya watalii."

Njambi alitueleza yote aliyoyasikia. Ndege zilikuwa zimeinyang'anya Belmara abiria, na mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa. Wenyewe wakaipaka rangi nyeupe, wakavunja kuta zilizotenga daraja la kwanza na la pili, wakaongeza bwawa jingine na ukumbi wa dansi. Sasa ilikuwa inawazungusha watu bahari kwa bahari na kuwarudisha kwao.

"Mtu analipa ili arudi alikotoka?" Phoebe aliuliza.

"Si ndiyo starehe yao! Alhamisi kundi moja linakula kwetu."

Alhamisi tukavaa nguo za Jumapili, tukaenda hotelini. Ofisa kijana aliyewaongoza watalii alitusikiliza mpaka mwisho, chakula chake kikapoa.

"Mnamtaka Caetano," akasema. "Mgoa. Manahodha wamekuja na kuondoka, yeye yuko. Kundi la pili litapanda treni kuja huku wiki hii. Nitamwomba nahodha amruhusu aje nalo."

Alitimiza ahadi. Asubuhi treni ilipofika stesheni, nyuma ya wazungu wenye kamera, alishuka mzee mfupi mwenye suti nyeusi, kofia mkononi, akiangaza macho kama mtu aliyeitwa kwa makosa. Phoebe alikuwa amejiandalia hotuba. Ikayeyuka yote. Alimsukuma Lornah mbele.

"Msalimie babu."

"Habari yako, babu?"

Mzee alimtazama toka kichwani hadi viatuni. "Ni huyu?" akauliza. "Ni huyu mrefu hivi?"

Nyumbani Phoebe alimwandalia kuku, ugali na mboga. Caetano alikuwa amejifunza Kiswahili kwa makuli wa bandari ya Kilindini, na baada ya kula alitusimulia.

"Daktari alinipigia simu chini. Akasema, fundi, taka sanduku dogo, ya mtoto, haraka. Mama, moyo yangu ilianguka. Kwa meli seremala natengeneza kila kitu, mlango, kiti, na sanduku ya maiti pia. Ya watoto nilishatengeneza. Basi nikachagua mbao nzuri kabisa, ile ya kurekebisha meza za daraja la kwanza. Nasema, kama mtoto anakwenda, aende vizuri. Nakata, nalia."

Phoebe aliacha kumimina chai.

"Halafu daktari akashuka mwenyewe. Akasema, usisahau kutoboa matundu. Nikauliza, matundu ya nini? Akasema, fundi, apumue wapi?" Mzee alifuta macho kwa kitambaa. "Apumue! Nikaita fundi wa umeme, nikaita kila mtu. Mimi siku ile nilitoboa matundu mengi kupita kiasi."

Tukacheka, na katika kucheka machozi yakatutoka. Phoebe alipiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mikono yote miwili, mikono iliyojaa makovu ya msumeno.

"Asante, Mzee," akasema. "Sina neno lingine. Asante."

"Mama, watu wangapi wamekalia viti vyangu! Wewe wa kwanza kunitafuta. Asante ni yangu mimi."

Alilala kwetu. Kesho yake nilimwuliza anataka kuona nini, simba au majumba ya mjini. Akasema anataka kuona miti. Tukashuka naye Ngong Road mpaka msituni. Alisimama mbele ya mti mmoja mkubwa wa muhugu, akaupapasa gome.

"Mbao ya huu nimekata, nimepiga randa miaka yote," alisema. "Sijawahi kuuona umesimama."

Hatukumharakisha. Lornah alikaa kwenye mzizi akimngoja.

Jioni tukamsindikiza stesheni. Phoebe alimfungia kuku na maandazi ya njiani. Treni ilipoanza kusogea mzee alitoa kichwa dirishani, akayataja majina yetu yote matatu, moja baada ya jingine, kama mtu anayehakikisha ameyashika.